Mwenye Baiskeli Akigongwa na Gari: Haki Zake na Msaada wa Sheria



Saa kumi na moja alfajiri, kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, barabara zetu hujaa baiskeli. Wakata miwa wanakwenda mashambani, wachuma majani chai wanakwenda kwenye mizani, na wa zamu ya usiku wanarudi makwao wakisinzia. Wote hao wako barabarani pamoja na malori ya mizigo na mabasi yanayokimbilia mjini. Ajali zikitokea, anayeumia ni yule asiye na bati la kumkinga.

Ofisi ya chama hupokea wenzetu hao, na wajane wao pia. Kinachotusikitisha ni kwamba wengi huja wakati umekwisha kupita. Mmoja huja baada ya miaka minne na karatasi moja ya hospitali iliyofifia. Mwingine huja na namba ya gari nusu. Kwa hiyo katika ukurasa huu tumeona tueleze sheria ya Uganda inasemaje na msaada unapatikana wapi, na mwishoni tuguse kidogo hali ya jirani zetu wa Kenya na Tanzania, kwa sababu wako wenzetu wengi wanaovuka mpaka kutafuta kazi.

Tuanze na jambo lililompata mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku hapa Jinja. Aligongwa na pikapu akitoka kazini, mguu ukavunjika mahali pawili. Siku ya tatu, akiwa bado kitandani, alifika bwana mmoja aliyevaa vizuri, mkononi ana soda na mkate. Akasema ametumwa na mwenye gari kumpa pole, akahesabu shilingi laki mbili, akatoa karatasi: "Weka dole gumba hapa, ni ya kuonyesha tu kwamba umepokea." Mwenzetu alikuwa hana hata fedha ya kununua dawa ya maumivu. Akaweka dole. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, nayo ilisema kwamba amepokea fidia yake yote na kwamba hatakuwa na madai mengine yoyote juu ya ajali ile.

Wakili tuliyemwonyesha karatasi hiyo alisema inaweza kupingwa mahakamani, lakini ni kazi ndefu isiyo na hakika. Tutarudi kwa mwenzetu huyu, maana hakuwa amepoteza yote.

Mfanyakazi aliyegongwa ana milango miwili ya kubisha. Mlango wa kwanza ni wa mwenye gari na kampuni yake ya bima. Mlango wa pili ni wa mwajiri wake mwenyewe. Watu wengi wanaufahamu wa kwanza tu, na hata huo hawajui jinsi unavyofunguka.

Katika mlango wa kwanza, lazima aliyeumia aonyeshe kwamba dereva alikuwa na kosa: alikwenda mbio, alipita mahali pasipofaa, alikuwa amelewa, au gari lake halikuwa na breki. Dereva akiwa ameajiriwa na alikuwa katika kazi ya tajiri wake, basi tajiri naye anawajibika. Hili ni jambo kubwa, kwa sababu dereva mara nyingi ni mnyonge kama sisi na hana cha kulipa.

Hapa kuna kosa moja la mawazo ambalo tumelisikia mara nyingi: "Polisi wamemshtaki dereva, basi nitalipwa." Sivyo. Ile kesi ya polisi ni ya Serikali dhidi ya dereva. Akitozwa faini, fedha hiyo inakwenda Serikalini. Hukumu yake inaweza kumsaidia aliyeumia kama ushahidi, lakini madai ya fidia ni kesi nyingine, ambayo lazima mwenyewe aifungue.

Kuhusu bima, sheria ya mwaka 1989 iliamuru kila gari linalotembea barabarani liwe na bima kwa ajili ya watu wengine, yaani watu wanaoweza kuumizwa nalo. Mwendesha baiskeli ni mmoja wa watu hao, na aliyepakiwa nyuma kwenye kerieri pia ni mmoja wao. Baiskeli yenyewe haihitaji bima hiyo, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba huna haki kwa sababu huna stika. Lakini sheria hiyo ya 1989 iliweka kikomo: shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja, na milioni 10 kwa ajali moja hata wakiumia watu wengi. Wakati ule shilingi milioni moja ilikuwa zaidi ya dola elfu nne za Marekani. Leo fedha hizo hazifikii dola mia tatu, na anayejua bei ya chuma cha kuunganisha mfupa atajua zinatosha nini. Vyama vya wafanyakazi vina haki ya kulipigia kelele jambo hili.

Hata hivyo, kikomo hicho ni cha kampuni ya bima. Hakimzuii aliyeumia kumdai mwenye gari mahakamani fidia inayolingana na maumivu yake. Wako wanaoambiwa na karani wa bima, "Hiyo ndiyo sheria, chukua milioni yako uende," wakadhani mambo yamekwisha.

Je, kama mwenye baiskeli naye alikosea? Alikuwa hana taa gizani, au alikata kona bila kuangalia nyuma? Wakili wa upande wa pili atauliza hayo, tena ndiyo maswali yake ya kwanza. Lakini kosa la mwendesha baiskeli halifuti madai yake. Mahakama hugawa kosa: ikiona dereva ana makosa sehemu tatu na mwendesha baiskeli sehemu moja, fidia itapunguzwa robo. Kwa hiyo taa ya nyuma na breki nzuri ni kinga ya mwili, na ni kinga ya kesi pia.

Ushahidi ndio unaoshinda au kushinda kesi hizi, na ushahidi huoza haraka kama samaki. Dereva amewajibishwa na sheria kusimama na kutoa taarifa polisi, lakini wengi hukimbia. Jambo la kwanza kwa yeyote aliye karibu ni kuandika namba ya gari, hata kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, na maandishi yaliyo kwenye mlango wa lori. Gari likisimama, soma stika ya bima kwenye kioo cha mbele. Andika majina ya watu wawili au watatu walioona, na mahali wanapokaa. Ajali iandikishwe kituo cha polisi, na aliyeumia adai namba ya taarifa hiyo. Polisi watatoa fomu ya PF3 ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha. Baiskeli iliyopondeka isiuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa sababu tairi la nyuma lililopinda laweza kuonyesha kwamba gari lilitoka nyuma, hata kama dereva ataapa vinginevyo.

Na risiti! Fedha zote ulizotumia, dawa, eksirei, nauli ya kwenda kliniki, magongo, mahakama haizirudishi bila kuthibitishwa. Maumivu na ulemavu hakimu huyapima mwenyewe, lakini matumizi anataka kuyaona kwenye karatasi. Mama wa nyumbani akitia risiti zote katika mfuko mmoja wa plastiki na kuufunga juu ya dari, amefanya kazi ya wakili nusu.

Sasa mlango wa pili. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyeumia katika kazi na kwa sababu ya kazi. Jambo ambalo wengi hawajui ni kwamba sheria hiyo inaitazama pia safari ya moja kwa moja kwenda kazini na kutoka kazini. Lakini mzigo wa kuonyesha kwamba safari ilikuwa ya moja kwa moja ni wa mfanyakazi. Aliyetoka kazini saa kumi na mbili akagongwa saa tatu usiku mbele ya kilabu cha pombe atapata taabu kueleza. Aliyegongwa kwenye njia yake ya kila siku, nusu saa baada ya zamu, ana maneno ya kusema, hasa kama kadi yake ya saa inaonyesha alitoka lini na wenzake wa njia hiyo wapo.

Katika mlango huu hakuna haja ya kuonyesha kosa la mtu yeyote. Hata uzembe wa mfanyakazi mwenyewe haumwondolei mwajiri wajibu. Kinachotakiwa ni kwamba jeraha liwe limeleta ulemavu wa kudumu, au limemzuia kupata mshahara wake kamili kwa siku tatu mfululizo au zaidi. Gari lililokimbia bila kujulikana hufunga mlango wa kwanza, lakini huu wa pili hubaki wazi.

Kiasi chake ni hivi. Aliyepata ulemavu kamili wa kudumu, asiyeweza tena kazi yoyote, hesabu yake ni mapato ya miezi 60. Aliyekuwa akipata shilingi 200,000 kwa mwezi atahesabiwa milioni 12. Ulemavu ukiwa wa sehemu, daktari huupima kwa asilimia: akisema asilimia 20, basi ni milioni 2 na laki 4. Akifa, wale waliokuwa wakimtegemea hudai kwa hesabu hiyo hiyo ya miezi 60. Taarifa ya ajali impelekee mwajiri mapema iwezekanavyo, ndani ya mwezi mmoja tangu kuumia. Iwe kwa maandishi, nakala ibaki kwa mwakilishi wa chama, na nyingine ipelekwe kwa ofisa wa kazi wa wilaya. Kumwambia nyapara kwa mdomo kusihesabiwe kuwa kumetosha. Nyapara huhamishwa, tena nyapara husahau.

Haki hii si ya raia peke yao. Sheria inahusu kazi zote zilizo ndani ya Uganda, isipokuwa askari wa jeshi, kwa hiyo kibarua aliyetoka Rwanda, Kongo au Kenya naye yumo. Asiyemo ni ndugu yetu wa bodaboda ya baiskeli anayejitafutia mwenyewe. Yeye hana mwajiri, ana mlango wa kwanza tu.

Mfanyakazi anaweza kubisha milango yote miwili, ila hatalipwa mara mbili kwa jeraha lile lile.

Na hapo ndipo alipookolewa yule mwenzetu wa Jinja. Karatasi aliyowekea dole ilihusu mwenye pikapu, haikumhusu mwajiri. Siku ishirini na mbili baada ya ajali mwakilishi wetu alipeleka taarifa kwa meneja na kwa ofisa wa kazi. Kampuni ilibisha kwanza, ikasema ajali ya barabarani si ya kiwanda. Baada ya kuonyeshwa sheria na kadi ya saa, ilikubali apelekwe kwa daktari kupimwa.

Muda wa kufungua kesi dhidi ya mwenye gari ni miaka mitatu tangu ajali. Gari likiwa la Serikali au la halmashauri ya wilaya, ni miaka miwili. Familia ya marehemu isingoje hata hiyo, imwone wakili ndani ya mwaka wa kwanza. Kuzungumza na kampuni ya bima hakusimamishi saa, na kampuni nyingine hupenda mazungumzo marefu.

Asiye na fedha ya wakili aende wapi? Chama cha Mawakili cha Uganda kilianzisha mradi wa msaada wa sheria mwaka 1992 kwa ajili ya wasio na uwezo. FIDA, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa mwaka 1974, husaidia akina mama, na mjane wa aliyegongwa ni mmoja wao. Chuo cha sheria cha Kampala, Law Development Centre, kina kliniki ya msaada wa sheria. Zaidi ya hayo, kanuni za mwaka 2009 zilimtaka kila wakili atoe saa 40 kwa mwaka kuwahudumia maskini bila malipo. Barua ya utambulisho kutoka chama cha wafanyakazi husaidia, kwa sababu inaonyesha mshahara wa mtu na hali yake.

Jihadharini na wale wanaozunguka wodini. Wako wanaojiita watu wa wakili, wanaomsainisha mgonjwa kabla plasta haijakauka, wakiahidi, "Usilipe kitu, tukishinda tutagawana." Wakili kutafuta wateja kwa njia hiyo ni mwiko katika kazi yake, na sheria ya mawakili ya Uganda haiutambui mkataba wa kulipwa ikiwa tu kesi imeshinda. Wakili wa kweli ana ofisi, ana cheti cha mwaka huo, na atakupa risiti.

Jirani zetu wana sheria zao. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, hesabu ya ulemavu kamili ni miezi 96, ila safari inayohesabiwa wazi kuwa ya kazi ni ile ya gari lililotolewa na mwajiri. Anayekwenda kazini kwa baiskeli yake atategemea zaidi kumdai mwenye gari, naye ana miaka mitatu. Tanzania ilianzisha mfuko wa fidia ambao waajiri huchangia tangu mwaka 2015, na madai hupelekwa huko ndani ya miezi 12.

Anayekuja ofisini kwetu kuhusu ajali aje na karatasi ya polisi, PF3, karatasi zote za hospitali, risiti, hati za mshahara za miezi ya karibuni, na majina ya mashahidi. Kama amelazwa, amtume mke au ndugu. Na kama kuna karatasi yoyote aliyowekea dole gumba, aje nayo pia, asiifiche kwa aibu.