Mmea Unaopima Usiku: Somo la Bangi na Soya Kisiwani Idjwi

Anayelima bangi nyumbani katika nchi iliyoiruhusu, kama Kanada tangu 2018, huchagua kati ya mbegu za namna mbili. Ya kwanza hukua majani tu mpaka usiku urefuke, ndipo ichanue. Ya pili haijali urefu wa usiku wala wa mchana: ikitimiza wiki chache tangu kuota, hutoa maua. Kwetu Kongo sheria inaikataza bangi, na makala haya hayamfundishi mtu kuilima. Lakini tofauti ya mbegu hizo mbili inamhusu hata mkulima wa soya wa Idjwi, na ndiyo maana ninaandika kuihusu.

Mbegu ile ya pili asili yake ni bangi ndogo ya mwituni ambayo mwanabotania Mrusi Janischewsky aliipa jina la ruderalis mwaka 1924. Kaskazini inakoota, kiangazi ni kifupi. Mmea ukisubiri usiku urefuke, baridi itaukuta haujazaa. Iliyobaki hai ni ile iliyoacha kusubiri.

Kwamba mimea hupima muda wa mwanga, sayansi ilianza kulijua kupitia bangi yenyewe. Mfaransa Julien Tournois aliona miche ya bangi na ya mhopi ikichanua mapema mno inapopewa mwanga wa saa chache tu kwa siku. Alichapisha habari hiyo mwaka 1912, na miaka miwili baadaye akaandika kwamba kinachofanya kazi huenda ni kurefuka kwa usiku kuliko kufupika kwa mchana. Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikamuua. Sifa ya ugunduzi ikawaendea Wamarekani Garner na Allard, waliochapisha utafiti wao wa tumbaku na soya mwaka 1920. Naona si haki kumsahau Tournois, kwa sababu dhana yake ya usiku ndiyo iliyothibitika. Mwaka 1938 watafiti Hamner na Bonner walionyesha kuwa mwanga mfupi ukimulikwa katikati ya usiku mrefu unatosha kuzuia mmea wa siku fupi, yaani ule unaosubiri usiku mrefu, usichanue. Ndani ya jani mna protini iitwayo fitokromu: mwanga mwekundu huiamsha, giza huirudisha polepole katika hali yake ya kwanza. Kwa msaada wake mmea hutambua giza limedumu kiasi gani.

Sasa tuilete saa hiyo ya ndani ya jani huku Idjwi. Kisiwa chetu kiko katikati ya Ziwa Kivu, kiasi cha digrii mbili tu kusini mwa ikweta. Paris, alikofanyia kazi Tournois, mchana wa Juni hufika saa 16 na ule wa Desemba hushuka hadi saa 8 na kidogo. Idjwi, mchana mrefu kuliko yote, wa Desemba, unauzidi ule mfupi wa Juni kwa dakika 15 hivi. Mwaka mzima ni saa 12 na dakika chache.

Kwa hiyo mbegu ya kaskazini iliyozoea kusubiri usiku mrefu, ikipandwa Idjwi, inaukuta usiku huo tangu siku ya kwanza. Inachanua ikiwa bado fupi, majani machache, mavuno haba. Tofauti anayoilipia mnunuzi wa Kanada huku karibu inafutika: namna zote mbili zitakimbilia maua. Mimea iliyozoea tropiki kwa vizazi vingi ina tabia nyingine. Huchelewa kuitika, ikajenga mwili kwanza.

Soya ilipitia njia hiyohiyo. Nayo ni mmea wa siku fupi, na kwa muda mrefu aina za kaskazini zilipopelekwa karibu na ikweta zilichanua zikiwa duni. Wazalishaji wa mbegu waliona kwamba baadhi ya soya hukawia utotoni hata usiku ukiwa mrefu, wakaichanganya tabia hiyo katika mbegu zao. Hivyo ndivyo Brazil ilivyoweza kupeleka soya hadi kwenye joto lake la kaskazini. Mwaka 2017 jeni inayohusika, iitwayo J, ilitambuliwa. Ndiyo sababu idadi ya siku iliyoandikwa kwenye mfuko wa mbegu kutoka mbali haimtoshi mkulima wa Rubenga au Ntambuka, hapa kisiwani. Idadi hiyo ilihesabiwa chini ya usiku mwingine. Majaribio ya taasisi za utafiti wa kilimo, INERA pale Mulungu na IITA pale Kalambo, karibu na Bukavu, yana thamani kubwa kuliko tangazo lolote, na ningependa yafanyike kisiwani pia.

Je, basi huku jua halina habari yoyote kwa mimea? Linayo, ila ni ndogo. Idjwi jua huchomoza karibu saa 11 na dakika 40 alfajiri mwanzoni mwa Novemba, na saa 12 na dakika 10 hivi katikati ya Februari, kwa sababu ya mwinamo wa dunia na njia yake isiyo duara kamili. Mwaka 2005 watafiti Rolf Borchert, Susanne Renner na wenzao walieleza katika jarida la Nature kwamba miti mingi karibu na ikweta huchanua pamoja mara mbili kwa mwaka, wakapendekeza kuwa inafuata mabadiliko hayo ya macheo na machweo.

Kahawa ya Idjwi ina mwito mwingine. Machipukizi yake ya maua hulala wakati wa ukavu wa Juni hadi Agosti. Mvua ya Septemba ikishayalowesha, huchanua baada ya siku 8 hadi 12, shamba zima kwa pamoja.