Jaribu Kabla ya Kununua Mega

Reli inayotoka Lubumbashi hugawanyika Kamina: tawi moja huelekea Ilebo, jingine Kabalo. Treni ikichelewa, wa stesheni huuliza kwanza imekwama tawi lipi. Simu ya video kwenye kompyuta ya Linux nayo ina matawi matatu: kamera, sauti na mtandao. Mawili ya kwanza hukaguliwa bila intaneti. Hata hivyo wengi hununua mega kwanza, halafu zinaishia katika "unanisikia?"

Tuanze na kamera. Fungua terminal, andika:

ls /dev/video*

Likitokea jina kama /dev/video0, mfumo umeitambua. Usishangae kuona na video1, kwani kamera moja mara nyingi huonyesha majina mawili, la pili likiwa la taarifa tu, si la picha. Lisipotokea jina lolote, kagua waya, au swichi ya kuzima kamera iliyopo kwenye baadhi ya laptopu. Kamera nyingi za USB hufuata kanuni ya UVC, ambayo Linux inaielewa tangu 2008, kwa hiyo ni nadra kuhitaji kutafuta draiva. Kisha ijaribu kwa programu ya kamera iliyomo kwenye mashine, kwa mfano Cheese. Picha ikionekana, ifunge programu hiyo. Ukiiacha wazi, kivinjari kinaweza kuambiwa kamera ina mtu.

Sauti sasa. Andika:

arecord -d 5 -f cd jaribu.wav

Sema maneno mawili matatu, kisha jisikilize:

aplay jaribu.wav

Pakiwa kimya, nenda kwenye mipangilio ya sauti. Mara nyingi kipaza sauti kimezimwa, au mfumo umechagua kingine kisichokuwepo mezani.

Hapo ndipo ununue mega. Huhitaji kupakua programu kubwa: Jitsi Meet hufunguka ndani ya Firefox au Chromium. Kivinjari kikiomba ruhusa ya kamera na kipaza sauti, kubali. Ukiwahi kukataa, kinaweza kukumbuka, nawe utaihangaikia kamera isiyo na kosa. Ruhusa hiyo hubadilishwa kwenye alama iliyo kando ya anwani.

Tawi la tatu tulipigie hesabu. Video ya kilobiti 600 kwa sekunde, kwenda na kurudi, hula zaidi ya mega 500 kwa saa. Sauti peke yake, ikibanwa kwa Opus kwa kilobiti 32, haifiki mega 50 kila upande. Basi picha ikianza kuganda, zima kamera mapema, usingoje sauti nayo ikatike. Salimianeni kwa video, muonane sura, kisha mazungumzo yaendelee kwa sauti. Mtoto aliyeko Lubumbashi akiuliza mbona kioo kimekuwa cheusi, mwambie mama bado yupo, anabana mega.