Pepo na Majira: Wakati Ufaao wa Kusafiri Baharini katika Pwani ya Tanga

Msafiri atokaye Muheza kwenda Tanga kwa barabara hupita Pongwe kabla ya kuingia mjini. Bahari haionekani kutoka hapo, lakini wakazi wa Pongwe huishi kwa amri yake, kwani mvua inayootesha mahindi na mihogo yao huletwa na pepo zilezile zinazosukuma majahazi katika mlango wa bahari wa Pemba. Wako miongoni mwao wenye ndugu Pemba na Unguja. Ifikapo Julai, masika yamekwisha, hewa ina ubaridi wa kupendeza, barabara zimekauka na kazi za shamba zimepungua. Ni rahisi basi mtu kudhani kwamba wakati wa kuvuka bahari kwenda arusini au kuwajulia hali wazee umewadia.

Hapo ndipo penye kosa. Mwezi ambao kwa mtu wa nchi kavu ni mtulivu na mwema, kwa baharia ni kilele cha Kusi. Na ile miezi ambayo watu wa pwani huilalamikia kwa joto na jasho, yaani Machi na Novemba, ndiyo mara nyingi yenye bahari shwari. Uzuri wa hewa ya nchi kavu na utulivu wa bahari ni mambo mawili yenye asili mbalimbali, na anayepima la pili kwa kutazama la kwanza hujitia hatarini bila kujua.

Kosa hili si la watu wa Pongwe peke yao. Watalii wengi wanaokuja Afrika Mashariki huja na kanuni waliyoizoea katika safari za visiwa vya Karibi. Huko, majira ya tufani huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 30 Novemba, na hatari huwa kubwa zaidi mwezi wa Septemba. Kwa hiyo meli za matembezi hujaa wasafiri kuanzia Desemba hadi Aprili, ambapo tufani hazipo na mvua ni chache. Katika visiwa hivyo majira ya ukavu na majira ya usalama huenda pamoja kwa kiasi kikubwa, na ushauri wa kumpa msafiri ni mwepesi. Katika pwani ya Tanga havifuatani hivyo, na sababu yake yafaa ielezwe.

ASILI YA KASKAZI NA KUSI

Hewa, kama yalivyo maji, hutafuta mizani. Hutoka mahali penye kanieneo kubwa na kwenda penye kanieneo ndogo. Kati ya Mei na Septemba, jua huipiga Asia kwa ukali. Bara hilo kubwa hupata joto upesi kuliko bahari, hewa iliyo juu yake hupanuka na kupaa, na kanieneo hupungua. Wakati huohuo, kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mauritius na Réunion, kuna eneo la kanieneo kubwa ambalo hupata nguvu zaidi katika miezi hiyo ya baridi ya kusini. Hewa hutiririka kutoka huko kuelekea Asia. Kwa kuwa dunia inazunguka, kila kitu kinachokwenda mbali kusini mwa Ikweta huvutwa upande wa kushoto wa njia yake, na kaskazini mwa Ikweta huvutwa kulia. Ndiyo maana upepo huo huifikia Tanga ukitoka kusini na kusini-mashariki, kisha ukiisha kuvuka Ikweta hugeuka na kuielekea India ukitoka kusini-magharibi. Huo ndio Kusi.

Kuanzia Desemba hadi Machi mambo hugeuka. Asia hupoa, kanieneo yake huongezeka, na hewa hushuka kutoka kaskazini-mashariki. Huo ndio Kaskazi. Kwa kawaida Kaskazi haina nguvu za Kusi, ingawa Januari inaweza kuchafua bahari vya kutosha kumtapisha abiria asiyezoea.

Baina ya pepo hizi mbili kuna vipindi viwili vya mpito, ambavyo mabaharia waliviita maleleji au tanga mbili, maana chombo kiliweza kutweka tanga kwenda upande wowote. Mwisho wa Kusi, ambapo upepo hulegea tangu Septemba, huitwa demani. Istilahi hizi ni za kale na ni sahihi kabisa. Ni jambo la kusikitisha kwamba zinafundishwa kwa nadra shuleni, hali zina habari nyingi kuliko maneno “kiangazi” na “masika” yanayotosheleza mahitaji ya mkulima tu.

WIMBI HUKUAJE?

Ukubwa wa wimbi hutegemea kasi ya upepo, muda ambao upepo huo umevuma, na urefu wa eneo la maji ambalo umepita bila kizuizi. Kusi hutimiza masharti yote matatu kwa pamoja. Huvuma kwa nguvu, huvuma kwa majuma mengi mfululizo, na huvuma juu ya maelfu ya kilometa za bahari tupu. Tena ikumbukwe kwamba msukumo wa upepo hauongezeki sawasawa na kasi yake: kasi ikizidi mara mbili, msukumo juu ya tanga au ubavu wa chombo huwa mara nne. Wimbi nalo ni hivyohivyo. Lenye kimo mara mbili hubeba nishati mara nne. Kwa hiyo nahodha asemaye kwamba bahari ya leo ni “mbaya kidogo tu” kuliko ya jana huenda anazungumzia tofauti kubwa mno kwa mbao za mashua yake.

Mwambao wa Tanga una ngao yake. Kisiwa cha Pemba huzuia sehemu kubwa ya mawimbi yatokayo mashariki. (Pongwe ile nyingine, iliyoko pwani ya mashariki ya Unguja, haina kisiwa mbele yake, hutazamana na bahari kuu moja kwa moja, nayo hutegemea miamba ya matumbawe peke yake.) Lakini ngao hiyo ina pengo. Kati ya Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, na ncha ya kusini ya Pemba kuna nafasi ya kilometa zipatazo 50, na Kusi hupenya hapo pamoja na mawimbi yake na kupanda mlangoni.

Mlango wenyewe si kama ule wa Unguja. Kati ya Unguja na bara, kina cha maji kwa sehemu kubwa hakifiki meta 60; kati ya Pemba na bara huzidi meta 700. Ndani ya maji hayo mengi hupita Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, unaokwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa Kusi, upepo na mkondo huelekea upande mmoja, na kasi ya mkondo inaweza kuzidi kilometa 5 kwa saa. Chombo kitokacho Tanga kwenda Pemba, kikikaa ndani ya mkondo wa namna hiyo kwa saa 4, kitakuwa kimesukumwa kilometa 20 kaskazini mwa njia yake, na kama injini imezimika, kitaendelea kusukumwa. Wakati wa Kaskazi mkondo hupungua sana, lakini upepo huukabili uso kwa uso, na hapo mawimbi huwa mafupi na yenye kuta za wima. Abiria huyaona madogo. Mwenye mtumbwi anajua kwamba hayo ndiyo yajazayo maji chomboni.

HABARI ZA MTANGATA

Kilometa kadhaa kusini mwa mji wa Tanga kuna magofu ya Tongoni, mji wa kale ambao Wareno waliuandika kwa jina la Mtangata. Mwezi wa Aprili 1498, meli tatu za Vasco da Gama zilipita hapo zikielekea Mombasa, na mojawapo, São Rafael, ilipanda fungu kabla ya mapambazuko. Maji yalipojaa ikaelea tena. Mafungu hayo na milima iliyoonekana kwa mbali, ambayo ni Usambara, vikapewa jina la meli hiyo. Mwandishi wa habari za safari ile alieleza kwamba wenyeji walikuja na mashua zenye machungwa mazuri kuliko ya Ureno, jambo ambalo halitamshangaza mtu yeyote aliyewahi kununua machungwa Muheza.

Da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, akiwa na rubani aliyeijua bahari hiyo. Kusi ilikuwa inaanza, haijawa kali. Alitia nanga karibu na Calicut, India, tarehe 20 Mei, yaani baada ya siku 26. Kwa kurudi hakungoja. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba 1498, Kaskazi ikiwa haijasimama, akaangukia katika shwari na pepo za mbisho. Bahari ileile iliyomchukua siku 26 ikamchukua karibu miezi mitatu. Mogadishu ilionekana tarehe 2 Januari 1499. Watu wapatao 30 walikufa njiani kwa kiseyeye, ugonjwa unaotokana na kukosa vitamini C, ambayo imo tele katika machungwa. Waliosalia hawakutosha kuendesha meli tatu. Walipofika tena katika mafungu ya Mtangata mwezi huohuo, waliichoma moto São Rafael.

Majahazi ya Waarabu, Wahindi na Waswahili hayakufanya hivyo. Yalishuka na Kaskazi kati ya Desemba na Machi, yakapandisha ama mwanzoni mwa Kusi, Aprili na Mei, ama mwishoni mwake, Agosti na Septemba. Katikati yake, Juni na Julai, bahari ilihesabiwa kuwa imefungwa. Yafaa kuzingatia kwamba Kusi ya Julai ndiyo iliyokuwa upepo wa kwenda India; haikukosa mwelekeo, bali ilizidi nguvu. Watu waliojua kusafiri kwa upepo waliuepuka upepo ulipokuwa mwingi kupita kiasi.

Injini imeondoa sharti la mwelekeo. Haikuondoa sharti la nguvu. Tarehe 18 Julai 2012, meli ya abiria MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika bahari iliyochafuka kwa upepo mkali, na watu wengi walipoteza maisha. Meli hiyo ilijengwa Marekani mwaka 1989 kwa kuvusha abiria katika maji yaliyokingwa ya Puget Sound. Lakini isidhaniwe kwamba majira mema yanatosha peke yake. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikienda Pemba, wakati Kusi inapolegea. Ilikuwa imepakiwa kupita kiasi.

TUFANI

Je, pwani ya Tanga ina tufani kama zile za Karibi? Ni nadra mno. Tufani huhitaji maji ya moto, na huhitaji pia ule mvuto utokanao na mzunguko wa dunia ili hewa ianze kuzunguka. Mvuto huo ni dhaifu sana karibu na Ikweta. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini. Hata hivyo, “nadra” si “kamwe”. Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikaangusha mikarafuu na kuvunja merikebu za Sultani Barghash, na Pemba ikasalimika; ndiyo sababu moja ya Pemba kushika nafasi ya mbele katika karafuu. Aprili 1952 ilikuwa zamu ya Lindi. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Matukio yote matatu yalitokea Aprili au Mei. Maleleji ya mwezi wa Aprili, basi, si sawa na yale ya mwisho wa mwaka: yana mvua nyingi, yana dhoruba za ghafla, na mara moja baada ya miaka mingi yana jambo kubwa zaidi.

KUCHAGUA

Kwa msafiri mwenye hiari ya kuchagua, kipindi bora ni kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Desemba, na kinachofuata ni kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Machi. Vuli itamlowesha katika Novemba, na wingu jeusi la radi linaweza kuleta upepo mkali kwa nusu saa. Lakini wingu huonekana kabla halijafika, na nahodha makini hulisubiri lipite. Asiye na hiari, ambaye msiba au kazi vinamwita Julai, atumie chombo kikubwa, asikilize utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na asione aibu kuahirisha.

Wazee wa pwani walikuwa na kalenda yao kwa kazi hii, ile ya Nairuzi, yenye siku 365 zilizogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi. Ilifaa kuliko kalenda ya mwezi mwandamo, ambayo ina upungufu wa siku zipatazo 11 kila mwaka na kwa hiyo haishikamani na pepo. Kasoro yake ni kwamba haina mwaka mrefu, hivyo hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne.

Mwezi mwandamo, hata hivyo, una kazi yake: ndio utawalao bamvua. Katika pwani hii, siku za mwezi mchanga na za mwezi mpevu, maji hujaa sana kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa sana kwenye saa nne. Maziwe, mbele ya Pangani, zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Sasa ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Anayetaka kulitembelea mwezi wa Oktoba au Novemba achague siku za bamvua. Atang’oa nanga alfajiri kwa umande, ule upepo mwepesi utokao nchi kavu iliyopoa usiku. Saa nne mchanga utakuwa wazi. Na baada ya adhuhuri, nchi ikiisha kupata joto, upepo wa baharini utamrudisha Pangani kabla maji hayajajaa.