Flashi ndogo chini ya maji: siri iko pembeni

Hapa Dodoma watu wananijua kwa harusi, mahafali na mikutano. Wakisikia kwamba nikipata nafasi naenda kupiga picha samaki wakiwa majini, huniuliza: maji yenyewe yako wapi? Maji tunayo. Bwawa la Hombolo lipo tangu 1957. Mtera tunapakana nalo na wenzetu wa Iringa, tangu mto Ruaha Mkuu ulipozuiwa. Reli ya Kati inatufikisha Kigoma, na tangu 2024 treni ya SGR inatushusha Dar es Salaam kwa saa chache, na ukifika huko, kisiwa cha Mafia hakiko mbali. Wengi wetu tunachokosa ni ujuzi wa mwanga.

Mwanga wa jua ukiingia majini haubaki ulivyokuwa. Wekundu ndio unaotangulia kupotea. Kwenye kina cha mita tano hivi sehemu kubwa imeshakwenda. Hufuata rangi ya chungwa, halafu njano, mpaka ibaki buluu na kijani. Ndiyo maana samaki mwekundu, akipigwa picha mita kumi chini bila taa, hutoka wa kijivu. Tena si kina peke yake: maji yaliyo kati ya samaki na lenzi nayo yananyonya rangi vilevile. Dawa ni kushuka na mwanga wako mwenyewe na kuuwasha karibu.

Wazo hili ni la zamani. Mfaransa Louis Boutan alipiga picha chini ya bahari huko Banyuls mwaka 1893, na akahangaika na taa za kuunguza magnesi. Mwaka 1926, Florida, W. H. Longley na Charles Martin waliwasha unga wa magnesi juu ya maji ili kupata picha za kwanza za rangi kutoka chini ya bahari. Baadaye Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, aliyeendeleza flashi ya umeme miaka ya 1930, alishirikiana na mpiga mbizi Jacques Cousteau kuishusha vilindini. Leo flashi ya kupigia picha majini inaenea kiganjani. Inon S-2000, kwa mfano, hutumia betri nne za AA. Huunganishwa na kamera kwa waya mwembamba unaopitisha mwanga: flashi ya kamera ikiwaka ndani ya kasha lake lisilopitisha maji, ile ya nje nayo inaitikia papo hapo.

Lakini kuwa na taa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mahali unapoiweka, na hapo sisi wa nyanda za kati tuna mwalimu mzuri: tope. Udongo wetu unasafiri. Mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa kuhifadhi ardhi, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Mvua za msimu zikishuka, korongo hupeleka udongo mabwawani, na maji yanageuka mekundu.

Nyumbani nina tangi la kioo lenye maji ya bwawani na perege wachanga. Flashi ikikaa juu kabisa ya lenzi na kumulika moja kwa moja, picha hujaa vitone vyeupe, na samaki anaonekana kwa shida. Ni kama kuwasha taa kali za gari usiku nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi: unachomulika ni vumbi, barabara huioni. Sasa iondoe flashi hiyo, iweke pembeni, imulike kwa mshazari. Maji yaliyo mbele ya lenzi yanabaki gizani, mwanga unamfikia samaki tu. Ghafla unayahesabu magamba, unaiona miiba ya pezi la mgongoni, na doa jeusi lililo kwenye sehemu ya nyuma ya pezi hilo, ambalo ni alama ya perege wachanga.

Ziwani au baharini kanuni ni hiyohiyo. Flashi, moja au mbili, hufungwa kwenye mikono ya kuzishikia, zikae pembeni na nyuma kidogo ya lenzi. Zielekeze nje kidogo, ili ukingo wa mwanga ndio umguse samaki. Kisha sogea. Flashi ndogo inafanya kazi nzuri ndani ya mita moja hivi. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia samaki unashuka hadi robo, na maji yanapunguza zaidi. Kwa papa potwe wa Mafia iache kabisa: ni mkubwa mno kwa taa hiyo, na hana haja ya kusumbuliwa. Jua linatosha. Ila kwa samaki wadogo wa miambani Kigoma, katika Ziwa Tanganyika lenye kina cha hadi mita 1,470 na mamia ya aina za samaki, wengi wao hawapatikani kwingine duniani, flashi ndogo ndiyo chombo chenyewe.

Vumbi la Dodoma nalo lina lake. Mpira wa kuzibia kasha na flashi ukishika chembe moja ya mchanga au unywele mmoja, maji yanaingia. Mimi hufungulia vyombo ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa, juu ya kitambaa chenye unyevu. Nausafisha mpira, naupaka grisi yake kidogo sana. Nikitoka baharini naviloweka vyombo kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kabla chumvi haijakauka. Na tahadhari moja zaidi: Mtera usijaribu kupiga mbizi, kuna mamba na viboko.

Picha nyingi za chini ya maji yetu zimepigwa na wageni. Samaki wa Tanganyika, wa Hombolo na wa Ruaha wanahitaji wapiga picha wa nyumbani. Basi, kama tayari una kamera na kasha lake, usikimbilie lenzi mpya. Nunua flashi moja ndogo na mkono wa kuishikia, ujifunze kwanza kwenye tangi la kioo, kwa maji ya tope. Anayeweza kumpiga picha perege kwenye maji ya Hombolo, maji ya Kigoma hayatamshinda.