Ulimi Uliolelewa na Chai: Divai Nyekundu Nzito kwa Mnywaji wa Kawaida (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi sukari ya zabibu inavyogeuzwa na hamira kuwa pombe. Leo tunaingia kwenye glasi yenyewe, na hasa glasi ya divai nyekundu nzito, ile isiyo na sukari, ambayo wengi wetu huionja mara moja kwenye harusi au mkutano wa hotelini, wakakunja uso na kuirudisha mezani. Wapo huku kwetu Kericho, Kipkelion na Londiani, wanaosema kuwa hicho ni kinywaji cha wageni, na kwamba ulimi wa mtu wa hapa haukuumbiwa ladha hiyo. Nakataa. Mtu aliyekulia kwenye milima ya chai ana ulimi ulioandaliwa kwa divai hiyo kuliko watu wengi. Anachokosa ni maelezo tu.

Tuanze na chai. Waonja chai viwandani hutumia kipimo cha kimataifa: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, bila sukari. Jaribu nyumbani kwa majani ya Kericho, bila maziwa. Utakapomeza, fizi zitakaza, pande za ulimi zitasugua meno, na kinywa kitaonekana kikavu ingawa umetoka kunywa maji. Hali hiyo ni ukakasi. Usiuchanganye na uchungu, ambao ni ladha, wala na uchachu wa ndimu. Ukakasi ni mguso. Unaletwa na tanini, kemikali za mimea zinazoshikana na protini za mate. Mate yana utelezi kwa sababu ya protini hizo. Zikishikwa na tanini, utelezi unaondoka na kinywa kinakwaruza.

Hicho ndicho kinachotokea unapokunywa divai nyekundu nzito. Tanini za zabibu na za majani ya chai zinatofautiana kiasi kikemia, lakini ni za ukoo mmoja na zinafanya kazi ile ile kinywani. Kwa hiyo anayejua kutofautisha chai nzuri ya majani mawili na kitumba na chai ya majani makomavu, anayejua kwamba ukakasi wa chai bora huchangamsha kinywa kisha ukaondoka huku ule wa chai mbovu ukiganda kooni, huyo amekwisha kupata nusu ya elimu ya kuonja divai. Hata namna ya kuonja ni ile ile: mwonja chai huvuta kinywaji pamoja na hewa, kwa sauti, ili harufu ipande puani, na mwonja divai hufanya hivyo hivyo.

Uzito huo unatoka wapi? Kamua zabibu nyekundu za aina nyingi na maji yake yatatoka karibu meupe. Rangi imo kwenye maganda, na tanini zimo kwenye maganda na kokwa. Mtengenezaji huyaacha maganda yachachuke pamoja na maji ya zabibu, siku kadhaa au hata wiki, akiyasukuma chini kila siku yasielee juu na kukauka. Zabibu yenye ganda nene, ikiachwa muda mrefu, kisha divai ikalazwa kwenye mapipa ya mwaloni ambayo nayo yana tanini zake, hutoa divai nzito. Rangi yenyewe ni ya anthosayanini, kundi la rangi ambalo wakulima wetu wanalijua kwa njia nyingine: ndilo linaloipa chai ya zambarau rangi yake. Aina ya chai hiyo, TRFK 306/1, ilizalishwa na watafiti wa chai hapa hapa Kericho na kutolewa kwa wakulima mwaka 2011.

Sasa, kwa nini mtu huyu huyu wa chai anakunja uso? Kwa sababu chai yake ya kila siku ina maziwa na sukari, na divai aliyoizoea, kama vile 4th Street au Four Cousins nyekundu za Afrika Kusini, ina sukari ya kutosha kufunika ukakasi wote. Sioni aibu yoyote katika kupenda divai tamu, na siwaungi mkono wanaowacheka wanaoinywa. Ila mnywaji wa divai tamu akipewa Cabernet Sauvignon, divai nzito isiyo na sukari, peke yake, tumboni hamna kitu, ni sawa na aliyezoea chai ya maziwa kuamriwa ameze strungi, yaani chai ya rangi, iliyochemka nusu saa. Lazima ataikataa, na ana haki.

Dawa yake inajulikana jikoni mwetu. Maziwa hulainisha chai kwa sababu protini zake hushikana na tanini kabla tanini hazijayafikia mate. Nyama hufanya kazi hiyo kwa divai. Tafuna kipande cha mbuzi wa kuchoma chenye mafuta na chumvi ya kutosha, kisha kunywa divai nzito: protini na mafuta ya nyama yanaupunguza ukakasi, na ukakasi nao unausafisha ulimi uliojaa mafuta, hata kipande kinachofuata kikawa kitamu kama cha kwanza. Hiyo ndiyo sababu divai hizi zinapendwa kwenye nchi za wachoma nyama, Ajentina ikiwemo. Nasi ni wachoma nyama. Ukiniuliza chakula kimoja tu cha kumfundishia mtu divai nzito, nitataja mbavu za mbuzi zilizochomwa polepole, na kimyet, ugali wetu, kando.

Lakini si kila chakula kinafaa. Samaki wa Kisumu akikutana na divai nyekundu nzito huacha ladha ya chuma kinywani. Pilipili kali huwashwa zaidi na pombe. Mursik, maziwa yetu ya kuchacha, naipenda mno, lakini uchachu wake na moshi wa kibuyu chake vinataka mezani pasiwe na mshindani. Inywe siku yake.

Kuhusu aina za zabibu, ushauri wangu ni kupanda ngazi kwa utaratibu. Anza na Malbec ya Ajentina. Zabibu hii ni ya Ufaransa, ikapelekwa Ajentina mwaka 1853 na mtaalamu wa mimea Michel Pouget, na huko Mendoza, chini ya milima ya Andes, ikapata jua kali la mchana na baridi ya usiku. Divai yake ni nyeusi kwa rangi, imejaa ladha ya matunda yaliyoiva, lakini ukakasi wake ni laini. Baada yake jaribu Pinotage ya Afrika Kusini. Hiyo ni zabibu iliyozaliwa Afrika: mwaka 1925 Abraham Perold, profesa wa Stellenbosch, alichavusha Pinot Noir kwa Cinsaut na kupata mbegu chache tu. Pinotage nzuri ina harufu ya moshi kwa mbali, na kwa nyama choma mimi huiweka ya kwanza.

Kisha njoo Shiraz, ambayo Wafaransa huiita Syrah. Ukisikia ndani yake harufu ya pilipili manga, pua yako haikudanganyi: rotundone, kemikali inayoipa pilipili manga harufu yake, imo pia kwenye ganda la zabibu hii. Na Shiraz tunayo nyumbani. Shamba la Morendat, Naivasha, limepanda zabibu hiyo na kutengeneza divai iitwayo Leleshwa, jina la kile kichaka cha majani ya kijivu kinachojaa kwenye Bonde la Ufa. Ukiikuta dukani, inunue, uonje udongo wa jirani. Cabernet Sauvignon, mfalme wa Bordeaux, iweke mwisho, baada ya kinywa kuzoea. Tannat ya Uruguay waachie waliobobea.

Mtu ataniuliza: kama Naivasha wanaweza, mbona Kipkelion hatupandi? Mzabibu unataka kipindi kirefu cha ukavu zabibu zinapoiva. Mvua ile ile ya mwaka mzima inayostawisha chai ya Kericho ingejaza mizabibu ukungu. Divai iliyowahi kukaa muda mrefu katika vilima hivi ni ya altare. Wamonaki Watrapisti kutoka abasia ya Koningshoeven, Uholanzi, walifungua monasteri hapa mwaka 1956, wakati mji ungali unaitwa Lumbwa, wakakaa hadi machafuko ya baada ya uchaguzi, mwaka 2008, yalipowahamishia Uganda. Abasia iliyowatuma, hata hivyo, ni maarufu kwa bia.

Ila Kipkelion ina neema moja ambayo wanywaji wa Mombasa hawana, nayo ni baridi. Divai nyekundu nzito hunywewa ikiwa na nyuzijoto 16 hadi 18. Ikizidi hapo pombe inachoma pua, na ikipoa sana ukakasi unaongezeka. Jioni ya kawaida katika nyumba ya mlimani inafikia kipimo hicho bila friji. Walio Kisumu au pwani waiweke chupa kwenye friji kama nusu saa kabla ya kuifungua. Ushauri wa zamani wa kunywa divai kwa joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za baridi za Ulaya, kwa hiyo usiufuate ukiwa Likoni.

Hapa naomba msomaji atulie nami tupige hesabu, kwa maana ndipo watu wengi wanapoumia. Divai nzito huwa na pombe asilimia 14 hivi. Tusker ina asilimia 4.2. Chupa ya Tusker ya mililita 500 ina mililita 21 za pombe halisi. Glasi ya divai ya mililita 150 nayo ina mililita 21 zile zile. Glasi moja, basi, ni bia moja, na chupa nzima ya mililita 750 ni bia tano. Anayemaliza chupa peke yake huku akijiambia ni kinywaji cha kistaarabu amekunywa bia tano, na asiguse usukani. Glasi moja au mbili pamoja na chakula zinatosha kabisa kwa starehe ninayoizungumzia. Mjamzito asinywe hata hiyo moja, aliye chini ya miaka 18 sheria inamkataza, na ambaye dini yake inamzuia hapungukiwi chochote: chai ya rangi iliyokolea vizuri ina somo hili hili la ukakasi.

Dukani, soma kibandiko. Penye maneno Natural Sweet au Semi-Sweet pana sukari. Unachotafuta kimeandikwa Dry, au kinataja jina la zabibu bila kutaja utamu. Epuka chupa iliyosimama dirishani juani kwa miezi. Hakikisha ina stempu ya ushuru, na uikague kwa programu ya Soma Label ya Mamlaka ya Mapato (KRA) kwenye simu yako, kwani divai bandia zipo. Chupa iliyofunguliwa ikabaki, izibe na uiweke kwenye friji, itavumilia siku tatu au nne.

Ombi langu kwa wasomaji wa Kipkelion, Fort Ternan na Londiani ni hili: mkichoma nyama Jumamosi, changeni watu wanne mnunue chupa moja ya Pinotage isiyo na sukari. Onjeni kabla ya nyama, kisha onjeni tena baada yake, mkizingatia fizi zenu. Wiki ijayo tutakwenda Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka.