Pesa huingia kwa sekunde, hesabu hukesha: Kazi ya daftari katika karakana za Eastlands

SAA mbili usiku, karakana nyingi katika eneo la viwanda vidogo la Kariobangi, mashariki mwa jiji la Nairobi, huwa zimefungwa. Kelele za mashine za kuchomelea vyuma zimetulia, nao mafundi wamekwenda zao Dandora, Huruma, Umoja na Kayole. Kwa mwenye karakana, hata hivyo, kazi ingali mbichi. Ameketi mezani, simu mkono huu na kalamu mkono ule, akisoma jumbe za malipo moja baada ya nyingine na kujiuliza: hizi Sh2,500 zilitoka kwa nani, na zilikuwa za nini?

Hicho ndicho kitendawili cha biashara ndogo na za wastani nchini Kenya. Pesa za mteja huingia kwa sekunde chache, lakini hesabu yake hukesha. Nusu ya kazi imekabidhiwa mitambo, nusu nyingine imebaki mikononi mwa mtu aliyechoka. Na ni katika nusu hiyo ya pili ambapo faida huponyoka.

Kuziba pengo hilo ndilo lengo la mfumo wa kazi kujiendesha, au uendeshaji otomatiki. Maana yake ni nyepesi kuliko jina lake. Hatua zinazojirudia kila siku bila kubadilika, kama vile kuandika malipo, kutoa ankara, kuhesabu bidhaa zilizosalia, kumkumbusha mdaiwa na kukokotoa mishahara, hukabidhiwa programu ya tarakilishi au ya simu ili zitendeke zenyewe. Mteja akilipa, malipo huandikwa, bidhaa hupunguzwa katika orodha ya ghala na ankara hutumwa, bila mtu kushika kalamu. Hapahitajiki roboti.

Si jambo la watu wachache. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) uliotolewa mwaka wa 2016 ulikadiria kuwa Kenya ilikuwa na biashara ndogo na za wastani takriban milioni 7.4. Kati ya hizo, ni takriban milioni 1.56 tu zilizokuwa na leseni. Utafiti huo pia ulionyesha kuwa biashara zipatazo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika muda wa miaka mitano. Sababu za biashara kufa ni nyingi, lakini wahenga walikwisha kuitaja mojawapo: mali bila daftari huisha bila habari.

Hatua kubwa ya kwanza ya mageuzi haya ilipigwa Machi 2007, kampuni ya Safaricom ilipozindua huduma ya M-Pesa. Mwaka wa 2013 ilifuata huduma ya Lipa na M-Pesa, iliyowawezesha wenye maduka kupokea malipo kupitia nambari ya biashara badala ya nambari ya simu ya mtu binafsi. Mwaka wa 2017, kampuni hiyo ilifungua mfumo uitwao Daraja, ambao huwawezesha waundaji wa programu kuunganisha hesabu za biashara na malipo ya M-Pesa moja kwa moja. Jina hilo lilichaguliwa vyema, kwani kilichokosekana kilikuwa daraja kati ya pesa na daftari. Kwa wengi mitaani, daraja hilo lingali halijavukwa.

Msukumo wa pili umetoka kwa serikali. Mnamo 2023, Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) ilianzisha mfumo wa ankara za kielektroniki ujulikanao kama eTIMS. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilisema kwamba kuanzia Januari 1, 2024, matumizi yasiyo na ankara ya mfumo huo hayangekubaliwa kupunguza mapato yanayotozwa ushuru, ila katika hali chache zilizotajwa. Wafanyabiashara wasiosajiliwa kwa ushuru wa VAT waliongezewa muda wa kujisajili hadi Machi 31, 2024. Mahakama ya Rufaa iliibatilisha sheria hiyo Julai 2024, lakini Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo Oktoba mwaka uo huo.

Mwenye karakana anaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya kampuni kubwa. Sivyo. Shule ya kibinafsi ikinunua vitanda vya chuma vya mabweni Kariobangi bila ankara ya eTIMS, gharama hiyo haiwezi kuipunguzia ushuru. Basi mhasibu wa shule atamtafuta fundi mwingine, hata kama wa kwanza ana kazi safi na bei nafuu. Fundi huyo hatapewa barua ya kukataliwa. Simu yake itaacha tu kulia.

Sheria ililegezwa kidogo mwishoni mwa 2024, pale mnunuzi aliporuhusiwa kuandika ankara kwa niaba ya mwuzaji mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi Sh5 milioni. Nafuu ipo, lakini mwuzaji asiye na rekodi zake mwenyewe hawezi kujua iwapo kilichoandikwa na mnunuzi ndicho hasa alichouza. Programu za eTIMS zenyewe hutolewa na KRA bila malipo, na mfanyabiashara mdogo sana anaweza kutoa ankara hata kwa simu isiyo na intaneti kwa kupiga *222#.

Ili kuona faida ya kuunganisha hatua hizi, tuchukue mfano wa kubuni wa karakana ya milango na madirisha inayopokea malipo 40 kwa siku. Tuseme kila malipo huchukua dakika moja na nusu kusomwa, kulinganishwa na oda na kuandikwa daftarini. Hiyo ni saa nzima kila siku, au saa 6 kwa wiki ya siku sita. Kwa mwezi, mwenye karakana hupoteza takriban siku tatu za kazi kwa kunakili tu, na bado hajasahihisha makosa.

Dawa yake ya kwanza haihitaji programu ghali. Nambari ya Paybill, tofauti na ile ya Till, humtaka mteja aandike nambari ya akaunti anapolipa. Karakana ikimpa kila mteja nambari ya oda na kumwomba aiandike hapo, malipo huja yakiwa yamejitambulisha yenyewe. Arubuni ya oda 117 haitachanganywa na salio la oda 112. Programu ya hesabu ikiunganishwa baadaye, itakuwa na jambo la kushika.

Hapa ndipo wengi hukosea njia. Hununua programu kwanza, kisha hutafuta kazi ya kuipa. Oda ya dirisha hupitia hatua nyingi: mteja huagiza, fundi hupima, bei hutajwa, arubuni hulipwa, chuma hununuliwa, kazi hufanywa, salio hulipwa na dirisha hupelekwa. Ikiwa vipimo huandikwa juu ya kipande cha kadibodi na bei hukaa kichwani mwa mwenye karakana ikibadilika kwa kila mteja, hakuna programu itakayoweza kuandika ankara sahihi. Mtambo hauwezi kutengeneza utaratibu ambao haupo. Utaharakisha tu vurugu iliyokuwapo.

Kwa hivyo, hatua ya kuanzia ni karatasi. Mwenye biashara aandike kwa wiki moja safari nzima ya oda, na kila hatua aonyeshe ni nani huifanya, huchukua muda gani, na makosa hutokea wapi. Kisha achague hatua moja tu, ile inayojirudia zaidi na isiyohitaji busara ya mtu, aikabidhi programu. Daftari la zamani liendelee kuandikwa sambamba kwa mwezi mmoja, na kila jioni hesabu mbili zilinganishwe. Zikipatana, ndipo hatua ya pili ifuate.

Kabla ya kutia saini mkataba na mwuza programu, lipo swali la kuuliza: siku nikiondoka, nitaweza kuchukua rekodi zangu zote? Asiyeweza kutoka na daftari lake hana daftari, ana la kuazima.

Hatari nyingine hazikosi. Mnamo Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima. Duka ambalo kila kitu chake kimo ndani ya tarakilishi isiyo na betri husimama siku kama hiyo, ilhali jirani mwenye kitabu cha stakabadhi huendelea kuuza. Inafaa basi nakala ya rekodi ihifadhiwe mahali pengine, na kila mfanyakazi ajue la kufanya mitambo inapozima.

Kuna pia faragha ya wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamwajibisha yeyote anayehifadhi majina na nambari za simu za watu. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mauzo ya mwaka, kutegemea kiasi kilicho kidogo. Septemba 2023, afisi ya kamishna wa data ilikitoza kilabu kimoja cha burudani jijini Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Orodha ya wateja si mali ya kumgawia kila mwenye kuitaka.

Hofu kubwa zaidi ni ya ajira. Katika mitaa ambako vijana wengi hutafuta kibarua kila asubuhi, neno mtambo husikika kama tishio. Si hofu ya kupuuzwa, kwani karani ambaye kazi yake yote ni kunakili jumbe za malipo anaweza kujikuta hana la kufanya. Lakini katika karakana nyingi karani huyo hayupo: mwenyewe ndiye fundi, mwuzaji na mhasibu. Palipo na karani, huyo ndiye anayejua wateja wanaochelewesha deni na bidhaa zinazoisha haraka. Akifunzwa kusimamia programu na kufuatilia madeni, karakana itapata manufaa zaidi kuliko ikimfukuza na kubaki na tarakilishi isiyojua mteja yeyote.

Fundi wa Kariobangi hawezi kukabidhi mtambo ustadi wa kupima ukuta uliopinda, wala uamuzi wa kumkopesha mteja wa miaka kumi ambaye mambo yamemwendea kombo. Hayo yatabaki kazi yake. Kinachoweza kumtoka ni ile saa ya usiku ya kuwinda Sh2,500 zisizo na mwenyewe.