Baiskeli ya Gia Moja (4): Meno ya Friwili na Mlima wa Pugu

Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika katika bara letu, yameamsha hamu ya kujua gia za mabingwa zinavyofanya kazi. Wanaume walikwenda kilomita 267.5 na kupanda jumla ya zaidi ya mita 5,400, wakirudia tena na tena barabara ya mawe ya Kimihurura, hadi Tadej Pogačar wa Slovenia alipoibuka mshindi. Baiskeli ya namna ile ina sproketi mbili mbele na kumi na mbili nyuma, na mpandaji huchagua kwa kidole. Hamu hiyo ni njema. Hata hivyo, kwa sisi tunaoishi upande wa Gongo la Mboto, Pugu na Kisarawe, liko swali linalotugusa zaidi: yule mchukuzi anayeshuka na magunia ya mkaa, au anayepanda na makreti ya soda, ana gia moja tu. Nani alimchagulia gia hiyo, na alipima kwa mguu wa nani?

Msomaji wa sehemu zilizotangulia anakumbuka kuwa gia ya baiskeli hupimwa kwa umbali inaosogea pedeli zikizunguka mara moja. Gurudumu letu la inchi 28 lina mzingo wa mita 2.2 hivi, na sproketi ya meno 44 mbele ikikutana na friwili ya meno 18 nyuma, kila mzunguko unatoa mita 5.4. Waingereza wana kipimo kingine, cha inchi, na asili yake inafundisha mengi. Zama za baiskeli yenye gurudumu kubwa la mbele, pedeli zilifungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya gurudumu hilo, kwa hiyo kipenyo cha gurudumu ndicho kilichokuwa gia yenyewe. Mwenye miguu mirefu aliweza gurudumu la inchi 58 au 60. Mfupi alitosheka na 50. Mpaka wa gia uliwekwa na mwili wa mpandaji, na hakuna mfanyabiashara aliyeweza kuuvuka. Kisha Hans Renold wa Manchester akabuni cheni ya roli mwaka 1880, na mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatoa Rover, baiskeli ya magurudumu yanayokaribiana ukubwa, inayoendeshwa kwa cheni ya nyuma. Kuanzia hapo gurudumu dogo liliweza kufanya kazi ya gurudumu kubwa. Ulikuwa ukombozi mkubwa, lakini mpaka ule wa mguu ulitoweka pamoja na hatari za kuanguka kutoka juu. Meno 44 kwa 18 kwenye gurudumu la inchi 28 ni sawa na gurudumu la inchi 68. Yaani mchukuzi wa Pugu, mwenye mzigo nyuma, anazungusha gurudumu ambalo hata Mwingereza mrefu kuliko wote wa mwaka 1880 asingeweza kulipanda.

Mpangilio huo ulifaa barabara za Nottingham na Coventry, kwa karani anayekwenda kazini na mkoba wake. Raleigh ndiyo iliyoueneza katika makoloni. Hero ya Ludhiana, iliyoanza mwaka 1956, na Phoenix ya Shanghai zikarithi umbo hilo. Hata Swala, baiskeli ya kiwanda chetu cha NABICO, haikuachana na umbo la Kiingereza. Tulirithi fremu imara, keria ya kubeba mzigo na breki za vyuma, mambo yote mema. Tulirithi pia meno bila kuyahoji, na hapo ndipo pana lawama, kwa sababu kubadili fremu kunahitaji kiwanda, ila kubadili friwili kunahitaji fundi mmoja chini ya mwembe.

Wapo watakaosema kwamba gia nzito hujenga mwili, na kwamba mwanamume hasa haombi gia nyepesi. Hoja hii ni kongwe, na mtetezi wake mkuu alikuwa Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France mwaka 1903. Mwaka mmoja kabla ya hapo aliandika kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliopita umri wa miaka 45. Aliwazuia washindani wake kwa miongo mingi. Mashine ya kubadilishia gia iliruhusiwa mwaka 1937 tu, alipokwisha kuuacha uongozi. Lakini tuangalie walichofanya washindani wenyewe. Gurudumu lao la nyuma lilikuwa na sproketi pande zote mbili, moja ya tambarare na nyingine ya mlima. Wakifika chini ya mlima walishuka, wakafungua gurudumu, wakaligeuza na kulifunga upya. Hata hivyo, Octave Lapize, mshindi wa mwaka 1910, milima mirefu ya Pyrenees ilipoingizwa kwa mara ya kwanza, alilazimika kuisukuma baiskeli kwa miguu katika sehemu za Tourmalet. Kama bingwa asiye na gunia alihitaji gia mbili na bado akatembea, ni dhuluma kumwambia mchukuzi wetu kuwa tatizo ni ulegevu wake.

Tufanye hesabu. Mpandaji wa kilo 60, baiskeli na mzigo vikifikisha jumla kilo 180, akipanda mwinuko wa mita 3 kwa kila mita 100, anahitaji nguvu ya kilo 7 hivi kwenye tairi, msuguano wa barabara ukihesabiwa. Kwa gia ya mita 5.4, pedeli inayoshuka itataka msukumo unaokaribia kilo 57 pale inapokuwa nzito zaidi, yaani karibu uzito wake wote. Kilima kikiongezeka kidogo, hawezi tena kukaa kwenye siti. Akifunga friwili ya meno 22, gia inakuwa mita 4.4 na msukumo unashuka hadi kilo 46 au 47. Atavuka mwinuko wa mita 4 kwa 100 kabla hajalazimika kushuka. Mlima mkali ataendelea kuusukumia, hilo halibishaniwi, ila njia ya kutoka Gongo la Mboto hadi Kajiungeni na kuendelea Kisarawe si mlima mkali mtupu. Ina miinuko mingi ya wastani, na hiyo ndiyo inayomaliza magoti.

Pingamizi la pili ni la haki zaidi: mkaa hushuka kwenda mjini, na baiskeli hurudi tupu, kwa hiyo gia nyepesi ya nini? Jibu ni kwamba barabara inayoshuka kwa jumla bado ina vilima vyake ndani, na gunia halichagui kilima. Tena shehena ya kurudi, maji, unga, soda na saruji, hupanda. Watasema pia kuwa gia nyepesi inachelewesha. Mchukuzi anayezungusha pedeli mara 50 kwa dakika kwenye gia ya mita 5.4 anakwenda kilomita 16 kwa saa. Ili aupate mwendo huohuo kwa meno 22, atazungusha mara 61. Mguu unavumilia kuzunguka haraka kidogo kuliko kukanyaga kwa uzito wote wa mwili, saa baada ya saa.

Baiskeli za mtumba zenye gia nyingi zipo, lakini cheni yake nyembamba na mkono wake wa kubadilishia, unaoning'inia karibu na ardhi, havipatani na vumbi wala na gunia linaloegemezwa. Habu ya Sturmey-Archer ya mwaka 1902, yenye gia tatu zilizofichwa ndani, ingefaa kuliko zote kama bei yake ingemfikia mchukuzi. Kwa sasa, wauza vipuri wangekuwa wametenda haki kwa kuweka friwili za 20 na 22 kando ya zile za 18.

Fundi atakayebadili 18 kwa 22 asikate tamaa cheni ikiwa fupi. Meno manne yaliyoongezeka yanahitaji inchi moja zaidi ya cheni, ambayo ni pingili mbili, ya ndani na ya nje, na ekseli inabaki pale ilipokuwa. Bila kuongeza, ekseli itasogea mbele milimita 13 hivi, ikiwa nafasi ya fremu inaruhusu. Wapo wanaoogopa 44 kwa 22 kwa sababu ni mbili kwa moja kamili, na meno yaleyale hupata mkandamizo kila mguu unaposhuka. Hofu hiyo ni ya kweli, hasa kwa baiskeli isiyo na friwili, ambayo pedeli na gurudumu havitengani kamwe. Huko ni bora 46 kwa 17, ambayo hutawanya mkandamizo, na pia hutawanya mikwaruzo ya tairi kwa wanaosimama kwa kukaza miguu. Kwenye friwili, kila mara mpandaji anapoacha kukanyaga kwenye mteremko, gurudumu hujipanga upya dhidi ya pedeli, ila meno ya mbele na ya nyuma hubaki katika mpangilio uleule, kwa sababu cheni haiyatenganishi. Sehemu ya tano itahusu breki za vyuma na mteremko wa kurudi Gongo la Mboto ukiwa na magunia mawili.